Amplifaya ya Sufuria

Sufuria yenyewe ilikuwa ya mama, ile kubwa ya kupikia ubwabwa wa hitima, na mie nliitoboa matundu kabla hajarudi sokoni Mwanakwerekwe. Nlikuwa nimeshatafuta bati la alumini mji mzima, kisha nkaona najisumbua bure. Sufuria ukiipindua kifudifudi ni boksi tosha. Mgongoni unasimamisha transfoma na vali, zile chupa za kioo za redio za kizamani, tumboni unapanga waya zako na kapasita, na mwisho mfuniko wake unafunga chini, asije mtoto wa watu akatia kidole.

Mama alipoiona alikaa kitako juu ya kapu lake la ndizi. Nkamwambia ni kazi ya mjomba Amour. Basi akajiinukia, akaanza kupanga ndizi zake. Mjomba Amour ni kaka yake, hana mwengine, na kwetu Mpendae hakuna asiyejua yaliyomfika.

Mjomba anapiga gita katika kikundi cha taarabu cha Bi Riyama tokea mie sijazaliwa. Amplifaya yake ya zamani ilipokufa akawa anapigia kijispika cha plastiki, gita likilia kama mbu aliyefungiwa ndani ya gilasi. Bi Riyama, ambaye ndiye mwenye kikundi, alimvumilia mpaka ukafika mwaka huu. Akamwita, akampa kahawa, akamwambia kwa heshima zote kwamba kinanda kipya kina kibonye cha gita, na kijana anayekipiga halalamiki mgongo. Mjomba akasema atakuja na amplifaya nyengine, yenye sauti ile ile ya zamani. Bi Riyama akakubali, lakini akamwekea sharti.

Sharti lenyewe lilikuwa na sababu. Mwaka juzi, kwenye harusi, mwimbaji wake alishika maikrofoni mkono mmoja, mkono mwengine ukagusa gita la kukodi, umeme ukamrusha mpaka ushungi ukamvuka mbele ya mabwana harusi na mashemeji. Kwa hiyo Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, mjomba alete chombo chake mazoezini. Bi Riyama mwenyewe atashika nyuzi za gita kwa mkono huu na maikrofoni kwa mkono huu. Akihisi hata mnyeo, kiti cha mjomba anapewa kijana wa kinanda.

Mjomba alinihadithia yote hayo huku anakunja na kukunjua kofia yake. Hakuniomba kitu. Aliuliza tu kama zile vali za radiogramu ya marehemu babu bado zimo kabatini.

Nkamwambia zimo, na fundi yupo.

Fundi ndiye mie, Suhaib. Nlikwenda bara kusoma uhandisi wa umeme, mwaka wa tatu nkarudi zangu. Watu husema sikumaliza. Mie nasema nliondoka mezani bado nna hamu, kama tunavyofundishwa. Tabu ni kwamba mtaani hawanijui kwa umeme. Wananijua kwa changu.

Nlitia kijispika ndani ya mdomo wa samaki changu, pale Darajani, kwa ruhusa ya muuzaji ambaye naye ni mshenzi kama mimi. Nkajificha nyuma ya meza ya pweza na simu yangu. Akaja mama mmoja na heshima zake, buibui jeusi, mkoba kwapani, akamnyanyua yule samaki amtazame mashavu. Samaki akamwambia kwa upole, "Nitie nazi, usinikaange." Yule mama alikimbia akaacha kiatu kimoja.

Yule mama alikuwa Bi Riyama.

Basi Jumatano asubuhi mjomba akaja kwetu na gita lake, akavua viatu mlangoni kama kila mtu. Mama alikuwa ndiyo kwanza amalize kupiga deki, saruji bado inang'aa maji. Nkamwambia mjomba asiingie hivyo, avae kandambili. Akanitazama. Kuingia na kandambili chumbani kwa dada yake, juu ya sakafu iliyotoka kupigwa deki, mtu mzima kama yeye. Akajua huu ndio mwanzo wa mzaha. Akazinyanyua zile kandambili moja moja, akazipindua, akatazama kama nimezipaka gundi. Simlaumu, Ramadhani moja nliwahi kuzipaka.

"Mjomba," nkamwambia, "humu ndani muna volti mia tatu, na wewe una miguu ya maji. Leo sina mzaha mpaka nifunge mfuniko."

Akavaa. Mama akapita, akaona, akafyonza, akenda zake jikoni.

Sasa nkuhadithie namna ya kuwasha kitu kama kile, maana watu wengi wanajua namna moja tu, nayo ni kuchomeka na kupiga bismillahi. Bismillahi piga, lakini tia na balbu. Nlikuwa na balbu ya kizamani ya wati mia, yenye uzi ndani. Hizo siku hizi madukani huzipati, zote ni hizi nyeupe za kubana matumizi. Nliipata kwa muuza vifaranga, ndiyo wanayowatia joto. Nkaifunga njiani, umeme upite kwenye balbu kwanza kabla ya kuingia kwenye sufuria. Hiyo ndiyo bawabu wako. Ndani kukiwa na waya zimegusana, balbu itawaka kama mchana na umeme wote utaishia pale pale, sufuria haitapata kitu cha kuunguzia. Ndani kukiwa salama, itawaka kidogo kisha itafifia.

Mara ya kwanza nliwasha bila vali. Mjomba alishangaa, akaniuliza sasa italiaje. Nkamwambia haitolia, leo hatutaki ilie kwanza, tunataka isife. Nkachomeka. Balbu ikawaka ghafla, ikarudi chini, ikabaki uzi mwekundu mwembamba kama sigara ya mtu anayejificha. Nkachukua mita, mkono wa kushoto nkauweka mgongoni, wa kulia peke yake ndiyo ukafanya kazi. Mjomba akauliza kama mkono unaniuma. Nkamwambia hauumi, na sitaki uume. Umeme wa namna hii ukiingia mkono mmoja na kutokea mwengine, njia yake ni moyoni.

Volti zilikuwa pale nnapozitaka. Nkachomoa plagi, nkaitia mfukoni mwangu ili asije mtu akanichomekea kwa wema, kisha nkasubiri. Mjomba, ambaye sasa alishaanza kuona raha, akanyoosha kidole anionyeshe waya mmoja tumboni mwa sufuria. Nkamshika mkono hewani.

Aliona ajabu. Plagi si iko mfukoni kwako, akasema, sasa unaogopa nini? Nkamweleza kwamba kapasita ni kama mtu aliyetoka kwenye karamu ya maulidi. Sinia lishaondolewa, mikono kashanawa, lakini tumbo bado limejaa. Ukimbonyeza sasa hivi atakutapikia. Nkachukua rezista nliyoifunga waya na vibanio viwili, nkabana huku na huku, nkaiacha imkamue taratibu mpaka mita ikasema hakuna kitu. Ndipo nkamwachilia kidole chake.

Halafu nkazipachika vali, na kabla ya lolote nkafunga spika. Hili nalo wengi hulikosa. Amplifaya ya vali ukiiwasha bila spika ni sawa na kutwanga kinu kitupu. Huli mchele, na kinachopasuka ni kinu. Mjomba hilo alilielewa mara moja, akasogea mwenyewe kuhakikisha waya wa spika umekaza.

Nkachomeka tena. Balbu ikapanda, ikashuka. Zile vali zikaanza kupata rangi ya chungwa polepole, moja baada ya moja, na mjomba akainama uso wake ukawa karibu nazo, akacheka peke yake. Tulikaa hivyo, watu wazima wawili, tunaangalia sufuria.

Kisha ikapiga king'ora.

Siyo mlio wa kawaida. Meli inayoingia bandarini ingeona haya. Kuku wa jirani waliruka ukuta, mama akatoka jikoni na mwiko mkononi, na mjomba aliniangalia mimi, hakuiangalia sufuria. Nliona usoni kwake kwamba anasubiri nicheke. Nkachomoa plagi, nkaitia mfukoni, nkabana rezista yangu, nkakaa chini nkafikiri.

Haikunichukua muda, na hapa nataka nijisifu kidogo kwa sababu hakuna atakayenisifu. Kwenye ile amplifaya sauti kidogo ya mlango wa nyuma inarudishwa mlango wa mbele, ili iirekebishe ile inayoingia. Ni kama msuluhishi. Akisimama upande unaotakiwa anawatuliza watu. Akisimama upande wa pili anakuwa mfitini, anachochea, na ugomvi unapanda mpaka kuku wanaruka ukuta. Mie nlimsimamisha upande wa fitina. Transfoma ya kutolea sauti, nayo ya radiogramu ile ile ya babu, ina waya mbili zinazokwenda kwenye vali ya mwisho, na zote babu alizipaka rangi moja. Nkazibadilisha, hii hapa, ile pale, nkalehemu.

Mjomba akauliza kama ni hayo tu. Nkamwambia ni hayo tu. Akasema kwa mlio ule alidhani nyumba itataka kujengwa upya.

Safari hii kimya. Kimya kizuri, chenye pumzi kidogo ndani yake, kama chumba chenye mtu aliyelala. Kulikuwa na mkwaruzo unaokuja na kuondoka, nkautafuta kwa kijiti cha mshikaki, kikavu, kisicho na mafuta, nkawa nagusagusa viungo kimoja kimoja huku mkono wangu wa pili uko mgongoni kwangu. Nlipofika kwenye kikalio cha vali ya pili, spika ikakohoa. Kiungo kile kilishika lehemu juu juu tu. Nkazima, nkasubiri, nkakirudia. Kikohozi kikaisha. Nkapima mwili wa sufuria na erthi, yaani ule waya wa ardhini, hakuna kitu. Nkaondoa balbu, nkaweka fyuzi, nkafunga mfuniko.

Mjomba akafunga waya wa gita. Akapiga uzi mmoja, ule mnene, akauacha uende.

Sijui kuieleza sauti ile. Ilikuwa ya duara. Kijispika chake kilikuwa kinakupa sauti kama sindano, hii ilikuwa inakupa kama tonge. Akapiga wimbo wa zamani, polepole, na mama akaja akaegemea mlango, mwiko umening'inia, akasema huo ndio uliopigwa siku anaolewa. Hakuitaja tena sufuria.

Alhamisi tukapanda gari ya jirani mpaka Darajani, kutoka pale tukaingia vichochoroni kwa miguu. Mjomba gita begani na spika mkononi, imefungwa kamba. Mie sufuria kichwani, imefunikwa kanga. Kila barazani tulipopita watu waliniuliza tumepika nini. Nkawaambia bokoboko. Mmoja akatufuata mpaka kona ya pili.

Nyumba ya mazoezi ni moja ya zile kongwe, kuta nene, chini kimekodi kikundi, juu anakaa mwenye nyumba, bibi mmoja anaitwa Bi Kidawa, na katikati muna ua mdogo ulio wazi juu. Tulikuta wenzake mjomba wameshakaa kwenye majamvi, viatu vimepangwa mlangoni, fidla zinatafuta sauti. Anuar, yule kijana wa kinanda, aliinuka akampokea mjomba spika. Kijana ana adabu zake, huwezi hata kumchukia.

Nkamwamkia Bi Riyama, shikamoo. Akajibu marahaba akiwa anaangalia sufuria, akaniuliza kama na hii inasema.

"Leo inaimba tu, Bi," nkasema.

Radhiya, mmoja wa waimbaji, akatuletea maji ya baridi. Friji lao lipo pale pale pembeni, na mkono wa mlango wake umevishwa kitambaa cha kufuma, maua mekundu, kizuri. Alifungua kwa kile kitambaa, akafunga kwa kile kitambaa. Nlikunywa maji yangu nkashukuru. Fundi mzima, sikuona kitu.

Nkachomeka kwenye soketi ya ukutani, plagi ya miguu mitatu, mpya. Vali zikapata rangi yake. Mjomba akalishika gita, tayari. Bi Riyama akapanga mtandio wake vizuri, akakanyaga sakafu miguu mitupu, akashika maikrofoni mkono wa kushoto, akaupeleka wa kulia kwenye nyuzi.

Akaurudisha. Hakupiga kelele. Aliutazama mkono wake kama mtu aliyetoa kitu kwenye mkoba ambacho hakukitia yeye.

"Inanitekenya," akasema.

Chumba kizima kikanigeukia mimi. Bi Riyama akasema kwamba ya samaki alishanisamehe, lakini ya kumchezea mjomba wangu na kiti chake, hayo ni ya kumuachia Mungu. Nkaapa kwamba sikuchezea kitu. Hakuna mtu mwenye kiapo rahisi kama changu mji huu, na pale ndipo nlipojua bei yake. Anuar alikuwa anafunua kinanda, taratibu, kama hataki kionekane. Mjomba alitoa kile kitambaa chake cha kufutia nyuzi, akaanza kuzifuta moja moja kutoka juu kwenda chini, kama anavyofanya kila siku anapotaka kulirudisha gita mkobani.

Nkamwomba Bi Riyama anipe nafasi nitazame. Chai ilikuwa inaletwa. Akasema, "Mpaka chai iishe."

Nkachomoa. Mfuniko, rezista, subiri. Nkapima kutoka mguu wa umeme wa plagi yangu mpaka mwili wa sufuria. Hakuna njia, hata ya sisimizi. Sufuria ni safi. Basi nkaichukua mita nkaipeleka ukutani, kwenye soketi tupu isiyochomekwa chochote, nkapima tundu la erthi. Tundu lile halitakiwi kuwa na kitu, ni njia ya kutokea tu, kama mchirizi. Mita ikaniambia volti tisini.

Nkacheka, na wengine hawakupenda. Nkawaambia umeme hautoki kwenye sufuria kwenda ukutani. Unatoka ukutani kuja kwenye sufuria. Sufuria ilifanya adabu, ikaunga mwili wake na erthi kama inavyotakiwa, kumbe erthi ya nyumba hii ndiyo yenye wazimu. Anuar akauliza mbona kinanda chake hakitekenyi. Nkamwonyesha plagi yake, miguu miwili, imeingizwa kwa kulazimishwa na kijiti cha peni kwenye tundu la juu, kama tunavyofanya nyumba zote. Kinanda kilisalimika kwa sababu hakijuani na erthi hata kwa salamu.

Bi Riyama akanywa funda moja, akasema bado anamsikia yule samaki.

Radhiya akaenda kuchukua maziwa. Kitambaa chenye maua mekundu, akafungua, kitambaa, akafunga. Safari hii nliona. Nkamuuliza kwa nini halishiki friji kwa mkono mtupu. Akanishangaa, kama nimemuuliza kwa nini anakunywa chai kwa kikombe.

"Linang'ata," akasema. "Si ndiyo maana tumelifumia nguo."

Wote walikuwa wanajua. Miaka wanajua. Mmoja akasema siku za mvua linang'ata zaidi, mwengine akasema ukivaa kandambili halikuoni. Nkachomoa friji, nkarudi na mita kwenye soketi. Tisini zikashuka, zikakaribia kuwa si kitu. Basi nusu ya kesi imekwisha. Friji linavujisha umeme wake kwenye erthi. Lakini erthi nzima ingeumeza ule umeme ukaenda ardhini, wala asiutambue mtu. Hapa ulikuwa hauendi kokote, umejaa ndani ya waya kama maji kwenye mchirizi ulioziba, unasubiri mtu wa kumpitia.

Nkaufuata waya. Kutoka kwenye kisanduku cha mita unapanda ukuta, shaba tupu nene, unatoboa kwenda uani. Ulitakiwa ushuke chini moja kwa moja mpaka kwenye nondo iliyopigwa ardhini. Haukushuka. Ulipofika usawa wa kichwa changu ukapinda, ukavuka ua wote mpaka msumari wa upande wa pili, umenyooka, umekazwa vizuri sana. Juu yake zilianikwa kanga mbili, shuka, na shimizi ambayo sikuitazama.

Kichwa kikatokea dirisha la juu. Bi Kidawa akanionya nisiguse nguo zake.

Nkamwamkia, nkamuuliza kwa upole kamba ile kaipata wapi. Akasema ilikuwa inaning'inia tu ukutani tokea mafundi wa chokaa walipoukwangua ukuta. Akaona ni neema, kamba isiyooza kwa jua wala kwa mvua, haina kutu ya kuchafua nguo. Akaikaza kwa mkono wake. Nkamuuliza kama haijapata kumfanya kitu. Akafikiri. Akasema kwamba kusema kweli siku za mvua, akianika, viganja humsisimka mpaka kwenye viwiko. Yeye akijua ni baridi yabisi. Anapaka mafuta ya karafuu.

Bi Riyama alikuwa amesimama mlangoni kwa ua na kikombe chake. Aliyasikia yale ya mafuta ya karafuu. Nlimwachia ayafikirie mwenyewe.

Nkazima swichi kubwa ya nyumba, nkapima nione kama kweli imezima, maana swichi nayo ni binadamu. Bi Kidawa hakukubali waya uondoke kabla hajapata kamba nyengine, na alikuwa na haki. Mjomba akaifungua ile kamba iliyofungia spika, akaifunga yeye msumari kwa msumari, na Radhiya akahamisha nguo, mie nkiangalia ukuta. Nondo nliikuta chini ya chungu cha mrehani. Nkaikwangua kwa kisu mpaka ikang'aa, nkaurudisha waya kwake, nkaubana kwa klampu ya mpira wa gesi na kuukaza mpaka mkono ukaniuma. Halafu nkamwagia maji pale chini, mrehani nao ukafaidi.

Nkawasha swichi. Friji nkaliacha limechomolewa, nkawaambia lisichomekwe mpaka fundi wake aje alitoe ugonjwa, erthi ni ya kuokoa mtu, siyo ya kufuga friji bovu. Nkapima tundu la soketi. Hakuna kitu. Nkapima tena mbele ya Bi Riyama, nkamwekea mita karibu na macho.

Chai ilikuwa imebaki majani tu chini ya kikombe. Akasema hasomi mita, anasoma watu. Nitangulie mimi.

Nkashika nyuzi mkono huu na maikrofoni mkono huu. Akaniambia nivue kandambili nlizotokea nazo uani. Nkavua. Nkasimama juu ya sakafu, miguu mitupu, mikono miwili imekamata, watu wote wamenikodolea macho, hapana anayepumua. Nakwambia kweli, sijawahi kupewa jukwaa kama lile. Kila kiungo changu kilikuwa kinaniomba. Kutetemeka kidogo tu, jicho moja kulipindua, wangebomoa mlango. Nkamtazama mjomba, kile kitambaa bado kimo mkononi mwake, amefikia uzi wa mwisho.

Nkasimama kimya kama nguzo.

"Sawa," akasema Bi Riyama. Akaweka kikombe, akaja. Akashika maikrofoni. Akapeleka mkono kwenye nyuzi, akazikamata zote kwa pamoja.

Akapiga ukelele ambao sijapata kuusikia kwa mtu mzima. Mwili ukamkakamaa, macho yakamtoka, kichwa kikaenda nyuma. Sikufikiri. Nliruka juu ya kinanda cha Anuar, nkakanyaga sinia ya vikombe, nkaikwanyua plagi ukutani kwa mikono miwili, nkabaki nimeikumbatia kifuani, goti kwenye chai, moyo unapiga kuliko dumbaki. Nlikuwa nasema la haula, la haula, basi.

Nlipogeuka Bi Riyama alikuwa anapanga mtandio wake.

"Nitie nazi," akasema, "usinikaange."

Mwanzo hawakuelewa. Kisha Radhiya akaelewa, akaanguka juu ya jamvi, na chumba kizima kikamfuata. Bi Kidawa kule juu akawa anauliza kuna nini. Mjomba alicheka mpaka akafuta macho kwa kile kitambaa cha gita. Mie peke yangu nlikuwa chini, suruali imerowa chai, na nakiri kwamba ilikuwa kazi safi. Alingoja tokea siku ile ya Darajani, na alinipiga mahali pekee ambapo sikuwa na kinga.

Alipomaliza kuwaacha watu wacheke, akamwambia Anuar asogeze kinanda chake kidogo upande wa mlango, gita lipate pale pake pa siku zote. Anuar akasogeza, na nliona kama kapumua. Bi Riyama akalivuta lile jamvi mwenyewe, akakiweka kiti cha mjomba juu yake, akakipiga mgongo mara mbili kwa kiganja.

"Amour, kaa," akasema. "Na wewe fundi, chomeka. Tumeshachelewa."

Nkaenda ukutani na plagi yangu. Miguu ile mitatu ikawa haijui matundu yake, na nyuma yangu nliwasikia wameanza tena kucheka.